Maziwa ya Gunia

Siku gunia lilipofika nyumbani kwa Waitara, masika yalikuwa yameanza asubuhi hiyohiyo, na watu wa Ringwani walisimama milangoni kumcheka Stanslaus. Huyu alikuwa dresa wa zahanati ya misheni ng'ambo ya Mto Mara, kijana wa kufunga vidonda na kugawa dawa. Alikuwa anamswaga punda huku amelowa chapachapa, kifua wazi, kumbe koti lake zuri la kaki amelivika gunia lililo mgongoni mwa punda.

"Dresa, gunia lina homa?" mtu mmoja alimpigia kelele.

"Chekeni tu. Mimi nikilowa nitakauka. Hili likilowa, ndiyo basi tena."

Ndani ya gunia hilo la karatasi nene mlikuwa na maziwa. Maziwa makavu, ya unga, meupe kuliko unga wa muhogo. Ng'ombe wake hakuna aliyemjua, na hilo peke yake lilitosha kuwapa watu maneno mpaka mavuno. Yalikuwa yametolewa msaada kwa watoto wenye ugonjwa ule wa kuvimba miguu, na katika miaka ile ya hamsini, baada ya kupe kumaliza mifugo, watoto wa namna hiyo walikuwa kila mji.

Mmoja wao alikuwa Mogesi, binti wa Waitara na mkewe Waisiko. Aliachishwa ziwa mapema kwa sababu mama yake alishika mimba nyingine, mimba yenyewe ikaharibika, na ziwa likawa limeshakauka. Tangu hapo mtoto alikula uji wa muhogo, akavimba miguu, nywele zikawa nyepesi na nyekundu. Alikuwa haulizi, halii, haombi. Ukimweka hapa unamkuta hapa. Wajinga wakipita walisema, "Mtoto kanenepa mashavu!" na Waisiko alitamani kuwachapa makofi.

Stanslaus alilishusha gunia kwa mikono yake, akalitua juu ya kinu kilichopinduliwa, si chini. Akamwamkia mama mkwe wa nyumba ile, bibi Boke, "Shikamoo mama," kisha akamgeukia Waisiko.

"Mama Mogesi, nakuachia wewe uwakorogee watoto wa Ringwani, kwa sababu mto unajaa na mimi sitavuka tena mpaka maji yapungue. Sikiliza vizuri. Adui wa unga huu ni maji. Usiutue sakafuni, usiuegemeze ukutani, usiuache wazi. Usichote kwa kijiko kibichi wala mkono uliotoka kunawa ukiwa haujakauka. Maji ya kukorogea yachemke kwanza, na ukikoroga, mtoto anywe palepale. Kilichobaki mwaga, hata kama roho inauma. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na mafuta ya taa yakae mbali nao. Unashika harufu haraka kuliko mke mwenza."

Waisiko akacheka, mara ya kwanza siku nyingi. Bibi Boke hakucheka. Alikuwa analitazama gunia kama mtu aliyeletewa mkwe asiyemtaka.

*

Waitara naye alikuwa na lake moyoni. Zizi lake lilikuwa tupu. Ng'ombe wake wote walikwenda na ndigana, homa ile ya kupe, na fahali wa mwisho, yule mweusi mwenye baka jeupe, aliangukia mikononi mwake akiwa anamnywesha dawa ya majani. Ngozi ya fahali huyo ndiyo aliyolalia. Kwa Mkurya, mwanamume asiye na ng'ombe anakaa barazani kwa huruma za wenzake, na huruma ya namna hiyo ina miiba.

"Mura," walimwambia kwenye pombe, kama wanaume wa Kikurya wanavyoitana, "yule ng'ombe wako wa karatasi anakamuliwa saa ngapi?"

"Anazaa lini tuje kuona ndama?"

Nyangwine, jirani yake na rika lake, ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi. Nyangwine alibakiwa na ng'ombe wachache, wote wamekatika maziwa, mbavu unazihesabu, lakini ng'ombe ni ng'ombe. Waitara alicheka nao, maana mkono mtupu haulambwi, ukikasirika unazidi kuchekwa. Alirudi nyumbani, akamwambia mkewe hataki kuona lile gunia likiwekwa mahali wageni wanapoketi.

"Nitaliweka wapi, baba Mogesi? Kule nyuma kunavuja."

"Mimi sijui. Liweke pasipofika jicho la mtu."

Likawekwa kwenye kona ya jiko, juu ya mawe, limefunikwa kikapu. Akina mama wenye watoto waliovimba wakaanza kuja asubuhi, kila mmoja na kata yake, na Waisiko akawakorogea, watoto wakanywa wakimwangalia. Alikuwa mkali. Aliyetaka kubeba maziwa yaliyokorogwa kwenda nayo nyumbani aliambiwa, "Mama, hapa ndipo pa kunywea. Huko njiani yatachacha."

*

Bibi Boke alivumilia, mwisho uvumilivu ukamwishia. Jamani, mjue kwanza huyu mama alikuwa nani. Alikuwa ameosha vibuyu vya maziwa tangu akiwa msichana, katika mji uliokuwa na ng'ombe wa kujaza bonde. Kibuyu cha Boke kilikuwa kinakaa na maziwa siku nyingi yakiwa matamu. Watu walitoka mbali kuomba mbegu ya mtindi wake. Sasa mwanamke kama huyo umwambie maziwa yanakaa kwenye karatasi, karibu na majivu, yamefunikwa kikapu cha kuku?

Asubuhi moja Waisiko alipokwenda kupalilia wimbi, bibi Boke alishusha vibuyu vyake vyote vilivyokuwa vinaning'inia bila kazi tangu ng'ombe walipokufa. Akaenda kwa Nyangwine kuomba mkojo wa ng'ombe, kama ilivyo desturi ya kuoshea. Hapo aliona aibu kweli, maana zamani watu ndio waliokuja kwake. Christina, mke wa Nyangwine, alimkingia kwa heshima akampa. Bibi Boke akavisugua vibuyu, akavisuuza kwa maji, akavitia kijinga cha moto ndani, akavitikisa mpaka vikanukia moshi mzuri. Alikuwa anaimba kabisa. Kisha, ndani bado mna ubichi, akamimina ule unga mpaka vibuyu vyote vikajaa, akavifunga mifuniko. Gunia likabaki nusu.

Waisiko aliporudi alivikuta vibuyu vimepangwa safu, vinang'aa, na mama mkwe ameketi mbele yavyo, ana uso wa mtu aliyetoka kanisani.

"Nimeyapa heshima yake," alisema bibi Boke. "Maziwa ni maziwa, mwanangu. Hata yatoke wapi."

Waisiko alifungua kibuyu kimoja akaingiza kidole. Pembeni, unga ulikuwa umeanza kushikamana na ganda. Maneno yalimjaa mdomoni. Lakini utamwambiaje mama wa mume wako kwamba hajui kutunza maziwa? Ni kumvua nguo. Katika mji ule hakuna mke aliyewahi kumjibu Boke, na wa kwanza asingekuwa yeye, mwenye mtoto mmoja tena mgonjwa.

"Asante, mama," alisema.

Kuanzia siku hiyo alifanya jambo ambalo halikumpa usingizi mwema. Alimkorogea Mogesi kutoka kwenye gunia. Bibi Boke, kwa furaha yake, aliwachotea watoto wa jirani kutoka kwenye vibuyu. Waisiko aliona, akanyamaza. Alijiambia labda hayataharibika, labda moshi utasaidia. Uongo mtupu. Kama angeamini hivyo, na mwanawe angempa ya kibuyu.

*

Mogesi akaanza kubadilika. Kwanza uvimbe ulishuka miguuni, ngozi ikabaki imelegea kama soksi ya mzee. Halafu akaanza kufuata watu kwa macho. Waitara alijifanya haoni, lakini jioni alikuwa anamweka mtoto mapajani na kumbonyeza mguu kwa kidole, kuona kama shimo linabaki. Lilikuwa halibaki.

Kwa Nyangwine mambo yakawa kinyume. Mtoto wao Joram, mwenye ugonjwa uleule, alianza kuharisha na kutapika. Akaharisha mpaka macho yakazama. Nyangwine akaja mbio, hakuamkia mtu, fimbo mkononi.

"Waitara! Toka nje! Mmempa nini mwanangu?"

Waitara akatoka. "Mura, kaa kwanza tuongee."

"Sikai! Wako anapona, wangu anakufa. Mmechagua? Mnatugawia sumu na ninyi mnakunywa kizuri? Nimeshakwenda kwa mwanangwa wa serikali. Kesho tunakutana zizini kwangu, na hilo gunia lenu la Wazungu litatupwa mtoni, na nyie mkitaka mlifuate!"

Alisema kwa hasira tu, hakujua kwamba amegonga palepale. Waisiko alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Waitara aliingia ndani, uso umemsawijika.

"Umesikia. Kesho linakwenda mtoni. Nimechoka kuchekwa, sasa niitwe na mwuaji?"

"Baba Mogesi, likienda mtoni, mtoto wako anarudi alikokuwa."

"Tutampa kitu kingine."

"Kitu gani? Nionyeshe hicho kitu kingine."

Waitara alitoka akaenda kusimama kwenye zizi lake tupu, akashika mwimo wa lango.

Waisiko akafungua kibuyu cha kwanza, akakipindua juu ya ungo. Hakikutoka kitu. Akakigonga. Likaanguka bonge la njano, limeota ukungu wa kijani, likaachia harufu ya siki iliyooza. Bibi Boke alikuwa anamtazama kutoka kwenye kigoda chake.

"Mama," Waisiko alisema, "nisamehe kwa haya ninayosema. Vibuyu vilikuwa vibichi. Unga huu ukiona maji unaoza. Dresa alisema."

Bibi Boke akanyanyua bonge lile, akalinusa. Akafungua kibuyu cha pili, na cha tatu. Vyote hivyo hivyo. Huyu mwanamke ambaye maziwa hayajawahi kumharibikia mikononi aliketi na ule uozo mapajani.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile, mama."

"Na ukanyamaza, ukaniacha niwalishe watoto wa watu uozo?"

"Nilikuogopa."

Bibi Boke alilirudisha lile bonge kwenye ungo. Kisha akasema kwa hasira, machozi yanamtoka, "Mpumbavu wewe! Mimi na wewe, wote wapumbavu! Mficha uchi hazai, hukufundishwa kwenu? Chukua chungu. Pika uji wa wimbi mwepesi, tia chumvi, twende kwa yule mtoto sasa hivi."

Walikwenda. Nyangwine alitaka kuwafukuza, Christina akamwambia, "Waache. Wewe umeleta nini zaidi ya kelele?" Wakakesha pale wakimnywesha Joram uji kwa kijiko, kidogo kidogo, anatapika, wanaanza tena. Asubuhi yake mtoto alifungua macho, akamshika mama yake kanga.

*

Kwenye zizi la Nyangwine walikuja watu wengi kuliko wanaokuja kwenye kodi. Kisyeri, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji kwa upande wa serikali, aliketi kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe. Gunia liliwekwa katikati. Nyangwine alizungumza kwanza, na alizungumza sana. Alisema maziwa yasiyo na ng'ombe ni uchawi wa mchana. Alisema hata panya wa Waitara hawayagusi, jambo ambalo sijui alilichunguza vipi.

Waisiko akainuka. Ilikuwa si kawaida mke kijana kuinuka pale, na minong'ono ikaanza. Alikuwa amejipanga aseme kosa ni lake lote, mama mkwe wake asitajwe. Hakufika mbali.

"Kaa chini," bibi Boke alimwambia. "Mimi ni mkubwa, nianze na yangu."

Akajivuta mbele na kibuyu mkononi, akakipasua kwa jiwe mbele ya watu. Uozo ukamwagika. Watu wakaziba pua. Kisha akachovya kijiko kikavu ndani ya gunia, akakiinua, unga mweupe ukateleza kutoka kwenye kijiko kama vumbi la njiani.

"Haya ni maziwa mamoja," alisema. "Yaliyooza niliyatia mimi kwenye kibuyu kilichooshwa. Mimi, Boke. Sasa nawauliza wake wenzangu. Nani hapa ameolewa na anatia maziwa kwenye kibuyu kisichooshwa? Anyooshe mkono tumwone, tumrudishe kwao."

Kicheko kikapita upande wa wanawake. Hakuna mkono ulionyooka. Kila mmoja alijua kwamba angepewa yeye lile gunia, angefanya yaleyale, tena kwa fahari.

"Na mkojo wa kuoshea," akaongeza bibi Boke, akimgeukia Nyangwine, "ulitoka kwa ng'ombe wako, baba. Kama ni uchawi, tuliuroga pamoja."

Hapo hata Kisyeri alicheka mpaka kiti kikalia. Nyangwine hakucheka, lakini alitazama chini.

Waisiko akainuka tena, na kicheko kikafa, maana alikuwa analia.

"Mama hakujua. Mimi nilijua. Mwanangu nilimpa ya gunia, wenu nikawaacha wanywe ya kibuyu. Nilimwogopa mama mkwe kuliko nilivyomwogopa Mungu. Mama Joram, mtoto wako alitaka kufa kwa ajili ya mdomo wangu. Nipigeni, nifukuzeni, lakini maziwa msiyatupe. Hayana kosa."

Waitara alikuwa ameinamisha kichwa. Watu wakamgeukia Christina, mke wa Nyangwine, aliyesimama amembeba Joram mgongoni. Christina alimtazama Waisiko kwa muda, na macho yake hayakuwa na huruma hata chembe.

"Nitakukasirikia mpaka nichoke," alisema. "Na sijachoka. Lakini miguu ya Joram ilivimba kabla ya gunia hili kuja. Likitupwa, nimpe nini? Nimpe maneno ya wanaume? Wake wawili wa bonde lile walizika watoto mwaka jana, na hawakuwa na gunia la kulisingizia. Mimi nataka ya mwanangu. Ya hapo, makavu, akorogewe mbele yangu."

Nyangwine alifungua mdomo. Mkewe akamtazama. Akaufunga.

Kisyeri akatoa uamuzi kama vile ulikuwa wake tangu mwanzo. Gunia libaki kwa Waitara. Vibuyu vyote vikazikwe mbali na kisima. Lakini nusu iliyobaki ndiyo hiyo, na masika bado mabichi. "Mtoto mmoja tu akiugua tena, nalitupa kwa mkono wangu. Waitara, umesikia? Nyumba ni yako. Maziwa ni yako."

"Nimesikia," alisema Waitara. Na kwa mara ya kwanza tangu zizi lake liwe tupu, alitembea kurudi nyumbani amebeba kitu mbele ya watu. Alilibeba gunia kichwani mwenyewe.

*

Karatasi ilikuwa imeanza kulegea kwa unyevu wa mvua. Waisiko alisema wanahitaji chombo cha bati chenye kifuniko cha kubana. Kesho yake Waitara aliondoka alfajiri, akarudi na debe begani, anatabasamu.

Waisiko alilipokea, akaingiza pua. "Baba Mogesi, hili ni la mafuta ya taa."

"Nimelisugua kwa mchanga."

"Nusa."

Akanusa. Tabasamu likamtoka. Alikuwa ametembea kutwa nzima kulifuata. Mtu mwingine angempa mkewe kofi, na jirani wangesema amefanya vizuri. Waitara alisimama pale na debe lake, akawaza. Kisha akaingia chumbani, akatoka na ngozi ya fahali mweusi imeviringishwa kwapani.

"Waitara," mama yake aliita, "hiyo ni..."

"Najua ni nini, mama."

Mhindi wa duka la njia panda alikuwa ananunua ngozi. Hii ilikuwa imelaliwa, imechakaa, akaivuta huku na huku, akaipiga kofi, akasema haina kazi. Waitara aliyameza yote. Alimwonyesha kwa kidole bati kubwa la biskuti lililokuwa juu ya rafu, lenye kifuniko kinachoingia kwa kubana. Mhindi alisema hilo haliuzwi, lina biskuti zake za wageni. Waitara akaketi mlangoni. Wateja wakamruka. Alipoulizwa anangoja nini, alisema anangoja wageni wale biskuti. Basi mwenye duka akacheka, akazimimina biskuti kwenye kapu, akampa bati, akachukua ngozi. Waitara hakuangalia nyuma kuona ilipotupwa.

Usiku wa kwanza wa kulala kwenye majani ulikuwa mgumu, na Waisiko alimsikia akijigeuza. "Pole, baba Mogesi," alimwambia.

"Fahali aliyekufa hana maziwa," alijibu. "Lala."

Bati lilisafishwa, likaanikwa kwenye jua la mchana mpaka likawa la moto kushika, likapoa, ndipo unga ukatiwa. Ukajaa hadi karibu na shingo. Waitara alijenga uchaga wa miti kati ya nguzo mbili, mbali na ukuta, mbali na jiko. Bibi Boke akaleta nta ya nyuki, akawa anaizungushia mdomo wa kifuniko kila asubuhi baada ya kugawa. "Hivi ndivyo mama yangu alivyofunga mbegu," alisema, na safari hii aliuliza kwanza: "Dresa angekataa?" Waisiko alifikiri. "Nta haina maji, mama. Naona iko sawa." Na vijiko viwili vya mti vikapewa kazi tofauti, cha kuchotea unga na cha kukorogea, ole wake atakayevichanganya. Siku Kisyeri mwenyewe alipokuja kukagua na kutaka kuonja kwa kidole, bibi Boke alimpiga mkono, mwanangwa mzima, akamnyooshea kata ya maji na kitambaa. "Osha, kausha. Hapa hatujui cheo."

Halafu ikaja ile mvua ya mawe. Ilipiga mchana, ikachana nyasi za paa palepale juu ya uchaga. Maji yakaanza kudondoka. Waisiko alilifunika bati kwa mwili wake, mikono imelikumbatia, maji yanamtiririka mgongoni. "Paa!" alipiga kelele. Waitara alikuwa ameshapanda, mvua ya mawe inampiga kichwani, anasokota nyasi kwenye tundu. Mtu akawa anampa matita ya nyasi kutoka chini, mikono mirefu, haraka haraka. Waitara alidhani ni mama yake. Alipotazama aliona ni Nyangwine.

"Unatazama nini, mura?" alifoka Nyangwine. "Na maziwa ya Joram yako humo ndani! Ziba!"

*

Mto ulipungua, na Stanslaus akavuka na punda wawili. Alikuja na moyo mzito, maana vijiji vingine alivyopitia alikuta magunia yamekuwa mawe, na mahali pamoja walikuwa wamewapa nguruwe. Alipoingia kwa Waitara hakukuta gunia. Akaona bati la biskuti limekaa kwenye uchaga kama mgeni wa heshima, akadhani ameletewa chai.

Bibi Boke akabandua nta. Waisiko akafungua kifuniko. Ndani, chini kabisa, ulikuwa umebaki unga kidogo, mwepesi, mkavu, mweupe. Stanslaus akachota kwa kijiko, akaumimina. Uliteleza wote, hakuna punje iliyoshika.

"Masika yote?" aliuliza.

"Yote," alisema Waitara, na kifua kilimtoka kama cha mtu aliyetajiwa ng'ombe mia.

"Na watoto?"

Nje kulikuwa na kelele. Mogesi alikuwa ameachwa mlangoni na bakuli lake la ugali uliolainishwa kwa maziwa, na jogoo mmoja mwekundu, mkubwa, jeuri wa kijiji kizima, alikuwa amemwibia donge. Mtoto ambaye alikuwa hasimami akawa amesimama. Akatazama bakuli. Akatazama jogoo. Sura ikamkunjamana kwa hasira, hasira safi, ya kwanza katika maisha yake.

"Changu!" alipiga kelele.

Akamkimbilia. Alianguka, akainuka bila kulia, akamfukuza tena, miguu myembamba inapigana yenyewe kwa yenyewe, tope linaruka. Jogoo akapita katikati ya punda, Mogesi naye akapita katikati ya punda. Joram akatokea kwao, akajiunga bila kuuliza kosa la jogoo ni nini. Christina akapiga kigelegele kutoka shambani, na kigelegele hicho kikapokelewa mji kwa mji mpaka bondeni. Bibi Boke alikuwa anapiga makofi na kumchochea mjukuu wake, "Mkamate! Mkamate mwizi huyo!" Waisiko alikuwa amekaa chini pale mlangoni, anacheka na kulia kwa pamoja, hana nguvu ya kuinuka.

Na Waitara, mwanamume mzima asiye na ng'ombe, alitupa fimbo yake chini, akaingia kwenye tope akamsaidia binti yake kumfukuza jogoo.